Paleti ya 463L: maoni yangu baada ya miaka 11 ya kuipakia

Baba yangu alikuwa kuli wa Kilindini. Alibeba magunia ya kahawa begani, akashika slingi, akapanda cheo hadi kuendesha winchi, na alikuwepo gatini kontena zilipoingia na kuwaondolea kazi wenzake wengi. Kwa hiyo mwaka 2008, nilipojiunga na Jeshi la Anga la Marekani na kuambiwa kwamba nafasi iliyo wazi ni ya kupakia na kupakua ndege, kazi wanayoiita ya bandari ya anga, niliona nimerudi nyumbani. Nilifanya kazi hiyo miaka 11. Nusu ya muda huo nilikuwa kwenye viwanja vikubwa vya Marekani na Ujerumani, na nusu nyingine nikitumwa huku na huko, hasa Ghuba, miezi sita kwa miezi sita.

Watu wanaponiuliza kuhusu jeshi la anga huuliza kuhusu ndege za kivita. Mimi nataka kusema juu ya bamba la alumini linalokaa chini ya mzigo, kwa sababu ndilo lililonifundisha maana ya kununua vizuri.

Kwenye daftari za stoo inaitwa HCU-6/E, lakini kila mtu anaita paleti ya 463L, ikiwa ni namba ya mfumo mzima wa kupakia mizigo iliyomo. Upana ni inchi 88, urefu inchi 108, yaani sentimita 224 kwa 274. Unene ni inchi mbili na robo. Juu na chini ni karatasi ya alumini, na katikati ni mbao ya balsa, ule mti mwepesi unaovunwa zaidi Ekuado. Ikiwa tupu ina ratili 290, kama kilo 131. Ukiitia nyavu zake tatu, mbili za ubavuni na moja ya juu, inafika ratili 355. Inabeba hadi ratili 10,000, kilo 4,536. Ukingoni ina pete 22 za kufungia, sita kila upande mrefu na tano kila upande mfupi, na kila pete inastahimili mvuto wa ratili 7,500. Mzigo wenyewe unapangwa ndani ya inchi 84 kwa 104, ili pande zote zibaki inchi mbili za kufunga nyavu na za kuingia makufuli ya ndege.

Hizo inchi mbili nawaomba mzione. Ndani ya ndege kuna reli mbili, moja kila upande, na kati yake sakafu ina mistari ya rola za chuma. Paleti inapoingia, ukingo wake unateleza chini ya mdomo wa reli, na makufuli ya reli yanaingia kwenye mapengo yaliyokatwa ukingoni. Ukisimama karibu unasikia mlio mmoja mzito, klak, wa kila kufuli likikaa mahali pake. Mzigo wa tani nne watu wanne wanausukuma kwa mikono kwenye rola hizo, na lodimasta, yaani msimamizi wa mizigo ndani ya ndege, anausimamisha kwa mkono wa kufuli. Kamba haihitajiki kati ya paleti na ndege. Mara ya kwanza nilipousukuma mzigo namna ile nilimkumbuka baba na bega lake la kulia, ambalo mpaka leo liko chini kuliko la kushoto.

Paleti hiyo hiyo inaingia kwenye ndege ya mizigo ya C-130 ya kawaida, ambayo inachukua sita, na kwenye C-130J ndefu inayochukua nane. C-17 inachukua 18. C-5 inachukua 36. Inaingia kwenye ndege za kujaza mafuta angani. Inaingia kwenye C-27J ya Waitalia na A400M ya Ulaya. Mzigo ukifungwa Ulaya leo, unaweza kuvuka ndege tatu za aina tatu bila mtu kufungua wavu hata mmoja.

Usawa huo haukuja kwa bahati. Wakati wa daraja la anga la Berlin, 1948 hadi 1949, ndege zilipoulisha mji uliofungiwa njia, makaa ya mawe yaliingizwa ndegeni magunia kwa magunia, mikononi mwa watu, kama Kilindini ya ujana wa baba yangu. Ndege ilikuwa na uwezo wa kurudi angani haraka, ila mzigo ndio ulioishikilia chini. Wamarekani walipoanza kuandika mahitaji ya 463L mwishoni mwa miaka ya 1950, waliandika safari nzima ya mzigo kutoka stoo mpaka mlangoni mwa ndege na mpaka upande wa pili: paleti, nyavu, reli za sakafu, rola, na magari ya kupakia, vyote pamoja. Ndege ya mizigo ya C-141, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1963, ilichorwa tangu mwanzo kwa vipimo hivyo. Na mpaka leo, mtu akitaka kuuza ndege mpya ya mizigo kwa majeshi ya nchi za Magharibi, lazima sakafu yake iipokee paleti iliyobuniwa kabla ya wazazi wa marubani wake kuoana.

Kwa hilo naipa nyota tano bila kusita. Ila nimeishi nayo, na yapo mambo yake yanayoumiza.

La kwanza ni maji. Alumini ikitobolewa na uma wa foklifti, hata tundu la ukubwa wa kidole, balsa ya ndani inafyonza mvua kama sifongo. Paleti inazidi uzito bila mtu kujua, kisha karatasi ya juu inaachana na mbao. Nilikuwa na mazoea ya kuigonga kwa fundo la kidole kabla ya kuipakia. Ikiwa nzima inajibu kwa sauti kavu na fupi. Ikiwa imeoza ndani inajibu kama papai.

La pili ni watu. Bamba pana, tambarare, la alumini, katika kambi ya mchanga na matope, ni kishawishi kikubwa. Katika kambi moja nilikuta paleti zetu zimekuwa sakafu ya hema, nyingine jukwaa la kutazamia mpira, na mbili zimesimamishwa kama ukuta wa bafu. Walioziweka pale hawakuwa watu wabaya, walitaka miguu yao isilale kwenye maji. Lakini kila paleti iliyozikwa chini ya kitanda cha mtu ni shehena inayobaki sakafuni kwenye uwanja mwingine, na mimi ndiye niliyekuwa nikipokea simu za kuulizwa mbona mzigo haujaondoka. Tulizunguka siku tatu kuzikusanya. Wenye hema tuliwatafutia mbao za kawaida, na hakuna aliyegombana nasi baada ya hapo.

La tatu ni kubwa zaidi: paleti inahitaji mashine upande wa pili. Ratili 290 tupu hazibebwi na watu wawili. Ikiwa na mzigo, lazima pawepo foklifti yenye nguvu au loda, lile gari lenye jukwaa linaloinuka hadi mlango wa ndege. Ndege ikitua kwenye uwanja mtupu, kuna njia ya kushusha bila mashine. Makufuli yanafunguliwa, rampu, ule mlango wa nyuma wa ndege, inateremshwa, rubani anaachia breki, na ndege inatoka mbele kwa ghafla ikiuacha mzigo uteleze wenyewe hadi chini. Nimeifanya mara nyingi kwenye mazoezi. Paleti inapogusa zege inalia kama sahani kubwa, cheche zinaruka, na ndege tayari inakwenda zake. Njia nyingine ni kupanga mapipa ya chuma chini ya mwisho wa rampu, mzigo ukatoka na kukaa juu yake. Zote mbili zinafanya kazi, lakini hakuna inayokusaidia kuurudisha mzigo ndani.

Hapo ndipo linaingia suala la loda, na hapo ndipo ununuzi unapoonyesha kama mnunuzi alifikiria safari au alifikiria kituo.

Loda kubwa ya Jeshi la Anga ni Tunner, iliyopewa jina la Jenerali William Tunner aliyesimamia daraja la anga la Berlin. Inabeba ratili 60,000, paleti sita kwa mkupuo, na inapanda kutoka kimo cha mita moja hivi hadi mita 5.6, kiasi cha kufikia mlango wa ndege kubwa za kiraia. Kwenye uwanja wa kudumu sijaona mashine nzuri kama hiyo. Tatizo ni kwamba haiingii kwenye C-130. Ikihitajika mbali inapelekwa kwa C-17 au C-5, na viwanja vinavyopokea ndege hizo ni vichache kuliko vinavyopokea C-130.

Ndogo yake inaitwa Halvorsen, kwa jina la Gail Halvorsen, rubani yule aliyewadondoshea watoto wa Berlin peremende kwa miavuli ya leso, aliyefariki Februari 2022 akiwa na miaka 101. Inabeba ratili 25,000, paleti tatu, na inapanda kimo kile kile. Lakini inaingia ndani ya C-130. Jeshi la Anga liliichukua kwa kufuata loda iliyokwisha kuwepo sokoni, badala ya kubuni mashine mpya kutoka karatasi tupu. Ukinipa nafasi ya kuchagua loda moja tu ya kwenda nayo nisikokujua, nachukua Halvorsen, hata kama nitafanya safari mbili badala ya moja. Kitu cha jeshi linalosafiri lazima chenyewe kiweze kusafiri.

Nasema jeshi linalosafiri kwa sababu tarehe yake inajulikana. Wakati wa Vita Baridi Jeshi la Anga la Marekani lilikaa kwenye kambi kubwa zenye kila kitu. Vita hivyo vilipokwisha kambi nyingi zilifungwa, lakini safari ziliongezeka, hasa za kulinda anga la Iraki, na watu walichoka kwa kuitwa leo kwa kesho. Agosti 1998 Jenerali Michael Ryan, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la Anga, alitangaza mpango wa kulipanga jeshi katika vikosi 10 vya msafara, viwili viwili kwa zamu, siku 90 kila zamu, katika mzunguko wa miezi 15. Zamu zilianza Oktoba 1999. Lengo lilikuwa kikosi kiweze kufika mahali na kuanza kazi ndani ya saa 48.

Saa 48! Mtu wa bandari ya anga akisikia hivyo anahesabu paleti. Marubani na ndege zao watafika, wala hilo si shida. Lakini mabomu, mafuta, mahema, jenereta, maji, vipuri, vyote vinakuja juu ya bamba la inchi 88 kwa 108, na saa 48 hazitoshi kama vitu vizito havijawekwa tayari huko kabla. Ndiyo maana stoo za akiba zimetawanywa Ghuba, na Oman iliruhusu viwanja vyake vitumike tangu mkataba wa 1980. Utaratibu wa kununua, lakini, ulibaki ule ule wa kambi za kudumu: haja inaandikwa mbali, na watu wasiouona uwanja, na inapita meza nyingi kabla ya kurudi. Hilo nililiona mwenyewe kwa jambo dogo kabisa, mbao.

Paleti hailazwi chini. Ukiilaza, uma wa foklifti haupati pa kuingia, na mawe yanatoboa alumini. Inakaa juu ya mbao tatu za inchi nne kwa nne, kila moja ina urefu wa inchi 88, sawa na upana wa paleti. Mwaka 2013 nilikuwa Oman kwa zamu, na mbao zetu zilikuwa zimepasuka kwa jua. Paleti 40 zilihitaji mbao 120. Ombi lilikuwa limekwenda Marekani kabla sijafika, likarudi limeidhinishwa: mbao 120 za nne kwa nne, futi 12 kila moja, zikatwe kwa kipimo.

Tulikwenda sanaiya, eneo la mafundi na maduka ya vifaa, watu watatu. Alikuwepo sajenti wa manunuzi na kile kijitabu chake cha fomu ya SF 44, kidogo cha kutosha mfukoni, ambacho kinamruhusu kununua papo hapo mahali pa operesheni. Alikuwepo afisa mlipaji mwenye fedha taslimu, kwa sababu anayeagiza na anayelipa hawaruhusiwi kuwa mtu mmoja, na sheria hiyo naipenda. Na mimi, niliyechukuliwa kwa sababu najua mbao zinatakiwa za nini. Tulivaa kiraia.

Duka lilikuwa na harufu ya msonobari uliokatwa asubuhi. Mwenye duka, mzee wa kanzu na kofia ya Kiomani, alikuwa akimfokea kijana wake, na nilisimama pale pale niliposikia: "Nimekwambia uipange kwa urefu, wewe waipanga kama kuni!"

Nikamwambia, "Shikamoo mzee."

Akageuka taratibu. "Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Mombasa. Changamwe."

"Mie Ng'ambo," akasema, akimaanisha Ng'ambo ya Unguja. "Nimetoka kijana wa miaka 11." Akamwita mwanawe alete kahawa na tende, na sajenti wangu wa manunuzi, ambaye alikuwa ameanza kufungua kamusi kwenye simu, akaifunga.

Nikamweleza tunachotaka. Aliposikia futi 12 akachukua penseli sikioni akaandika kwenye ubao uliokuwa mbele yake. Futi 12 ni inchi 144. Ukitoa 88, inabaki 56. "Hii 56 mwaifanyia nini?"

"Hatuna kazi nayo, mzee."

Akaandika tena. Futi 16 ni inchi 192. Ukikata 88 mara mbili ni 176, inabaki 16. "Chukua za futi 16, sitini tu. Nakukatia 120 zako, na vile vipande vya 16 mtavifanya vya kuzuilia magurudumu." Akaweka penseli sikioni. "Aliyeandika futi 12 hajapata kukata mbao."

Fanya hesabu mwenyewe. Mbao 120 za futi 12 ni futi 1,440. Mbao 60 za futi 16 ni futi 960. Theluthi nzima ya mbao imeokolewa na mtu aliyeuliza swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye meza zote zile: mnataka mbao, au mnataka vipande vya inchi 88?

Sajenti alipata shida ya kweli, na sikumlaumu. Karatasi yake ilisema futi 12. Akipokea futi 16 anaweza kuulizwa baadaye kwa nini alinunua kitu kingine. Alitoka nje akapiga simu, akarudi, akapiga nyingine. Mzee alituongezea kahawa. Hoja iliyomtoa ilikuwa hii: haja iliyoidhinishwa ilikuwa ya kuweka paleti 40 juu ya mbao zinazotosha, na urefu wa mbao dukani ulikuwa njia tu ya kufika huko. Aliandika kwenye fomu vipande 120 vya inchi 88, akaweka saini, afisa mlipaji akahesabu fedha, mzee akasaini.

Kulikuwa na kikwazo kingine, na hicho nakitetea. Mbao za kufungia mizigo inayovuka mipaka lazima ziwe na muhuri wa ISPM 15, ule wenye alama ya suke la ngano, unaoonyesha kwamba mbao zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 ili wadudu wasisafiri nazo. Mbao zetu nyingi zilikuwa za kukaa uwanjani tu, hazipandi ndege, lakini ombi la kwanza lilitaka muhuri kwa zote. Tuligawanya: vipande 24, vya kutosha paleti nane zilizosubiri kuondoka, alivitoa kwenye rundo lenye muhuri kila kipande, na vingine vikatoka rundo la kawaida. Sheria nzuri ikiwekwa mahali isipohitajika inakula fedha za mahali inapohitajika.

Mbao zilifika kambini kesho yake saa tatu asubuhi, zimefungwa tano tano kwa kamba ya katani. Nampa mzee yule nyota tano pia. Siendi tena kwenye duka lake, lakini kama wewe ni Mswahili na uko Oman unahitaji mbao, ukisikia mtu sanaiya anafoka Kiunguja, ingia.

Sasa nipime na upande wa pili. Katika kambi nyingine, miaka miwili baadaye, loda ilipasuka hosi ya haidroliki, hosi ya urefu wa mkono wangu. Kipuri kiliagizwa kwa njia ya kawaida, na ofisi iliyohusika ilijibu kwa utaratibu wake. Kilifika siku ya 19. Kwa siku hizo 19 tulishusha kila kitu kwa foklifti moja, na ndege ambazo mlango wake uko juu tulizipeleka uwanja mwingine. Kilomita chache kutoka langoni palikuwa na fundi wa hosi, Mhindi wa Kerala, anayebana vichwa vya hosi za magreda mchana kutwa. Nusu saa ingemtosha. Nakubali kwamba hosi inayoinua tani 11 karibu na ndege haifai kubanwa na kila fundi, na kwamba mtu lazima awajibike ikipasuka. Lakini angeweza kupimwa na kuidhinishwa mapema, kabla ya hosi kupasuka, kama vile mzee wa mbao alivyoweza kujulikana mapema. Walinzi wa lango, Waganda na Wakenya, walimjua fundi huyo kwa jina. Hakuna aliyewauliza.

Wakubwa wanajua tatizo hili na wamelifanyia kazi. Mfano ninaoupenda ni MC-12W. Makamanda wa Marekani waliokuwa Iraki na Afghanistani walihitaji macho angani, tena haraka, na badala ya kubuni ndege, Jeshi la Anga lilichukua King Air 350, ndege ile ile ya propela mbili ambayo mtu wa Nairobi ameizoea kwenye uwanja wa Wilson, nyingine zilizokwisha tumika, likazitia kamera na vifaa vya kusikiliza huko Greenville, Texas. Mpango uliidhinishwa katikati ya 2008, na safari ya kwanza ya kivita ilirushwa Iraki Juni 2009. Chini ya mwaka mmoja, kwa jeshi ambalo ndege zake huchukua miaka mingi. Mwanzoni mwa 2020, mwaka mmoja baada ya mimi kutoka, Wizara ya Ulinzi ilitoa utaratibu mpya wenye njia sita za kununua. Ipo ya dharura, ambayo kitu lazima kifike mikononi ndani ya miaka miwili, na ipo ya kati, ya miaka isiyozidi mitano. Desemba 2021 Jeshi la Anga likaandika pia mafundisho ya kutawanya ndege kwenye viwanja vidogo vingi, na watu wachache wanaojua kazi zaidi ya moja.

Nilifurahi kuyasoma yote hayo. Lakini ukitawanya ndege kwenye viwanja kumi, unahitaji mbao kwenye viwanja kumi, na hosi, na mtu anayejua duka liko wapi, mwenye ruhusa ya kuingia na kununua. Njia sita za Washington zinafupisha safari ya ndege mpya. Bado sijaona kitu kinachofupisha safari ya hosi kwa kiasi hicho hicho, na kwa macho yangu ndege nyingi zimesimamishwa na hosi kuliko na adui.

Kwa hiyo hukumu yangu. Paleti yenyewe: nyota tano kwa ubunifu, nne kwa maisha ya kila siku kwa sababu ya maji. Halvorsen: tano. Tunner: nne, na ingekuwa tano kama vita vingekaa sehemu moja. Fomu ya SF 44 na utaratibu wa watu wawili wenye saini na fedha: tano, ninaomba wapewe sajenti wengi zaidi mafunzo hayo na kiwango cha juu zaidi. Utaratibu wa vipuri kwa kambi za mbali: mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya watu wa simu waliokuwa wakinijibu kwa upole saa nane za usiku kwao.

Mwaka jana baba alikuja kunitembelea. Nilimpeleka Dover, Delaware, kwenye jumba la makumbusho la ndege za uchukuzi, ambako kuingia ni bure na unaweza kusimama chini ya C-5 ukaigusa. Alitembea polepole na fimbo yake. Ndege hazikumshangaza sana. Tulipofika kwenye paleti aliinama, akapitisha kiganja kwenye ukingo, akaingiza vidole vyake kwenye pengo la kufuli, akashika pete moja akaivuta. Kisha akaigonga kwa fundo la kidole, na sikuwa nimemfundisha.

"Yabeba tani ngapi?"

"Nne na nusu, baba."

"Na watu wangapi waisukuma?"

"Wanne."

Alinyamaza kwa muda, mkono wake bado uko juu ya alumini. Halafu akaangalia chini, kwenye mbao tatu za nne kwa nne zilizoishikilia isiguse sakafu, akazihesabu kwa fimbo, moja, mbili, tatu.

"Mwanangu," akasema, "hizi mbao za chini mwanunua wapi?"